Tazama kwanza ganda linatokea wapi

Ndugu mwandishi, nakubaliana nawe kuhusu kufunga darubini kwenye bunduki za wenzo, lakini umeruka jambo la msingi: ganda la risasi linatokea wapi? Winchester 94 za zamani hulirusha juu, hivyo darubini ikikaa katikati inaliziba njia. Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, hulitoa ubavuni na mgongo wake umefunikwa. Hapo darubini inakaa vizuri. Kwa risasi ya .30-30 na paa wa misitu ya Marekani, ukuzaji wa mara 4 unatosha kabisa. Tena, ongezeni kishikio cha pembeni kwenye nyundo. Kidole gumba kikiteleza chini ya darubini wakati wa kuishusha nyundo, bunduki inaweza kufyatuka. Wawindaji wenzangu, usalama kwanza, shabaha baadaye.