Msimbo Bila Jina la Orodha

Maktaba ya programu ya misimbo ya magonjwa hupokea msimbo, ikarudisha jina la ugonjwa na mahali pake katika ICD, Ainisho la Kimataifa la Magonjwa la Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa wanaotumia Python, inayopatikana kwa urahisi ni simple-icd-10. Ikiulizwa I10 hujibu shinikizo la damu, ikiulizwa E11.9 hujibu kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine. Haijali kama nukta imewekwa au imeachwa, na orodha yote imo ndani yake, kwa hiyo ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Kwa hospitali ya wilaya ambako mtandao haukawii kukatika, sifa hiyo peke yake inatosha kuipendekeza.

Waandishi wa toleo hili la jarida hawabishani kama maktaba za namna hii zinafaa. Zinafaa. Kinachobishaniwa ni orodha iliyomo ndani yake, jambo ambalo wajenzi wengi wa mifumo hawalipi hata dakika moja ya fikra.

simple-icd-10 ina ndugu yake, simple-icd-10-cm. Ya kwanza imebeba ICD-10 ya WHO, iliyopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994. Ya pili imebeba ICD-10-CM, orodha iliyorekebishwa kwa ajili ya Marekani na kuanza kutumika rasmi huko tarehe 1 Oktoba 2015. Majina yanakaribiana, amri nyingi ni zilezile, na misimbo mingi huanza kwa herufi na tarakimu zilezile. Orodha ya Marekani ina misimbo takriban 70,000, nayo ndiyo iliyojaa katika mifano ya mafunzo, kwa kuwa madai ya bima ya nchi ile huandikwa kwayo. Mwandishi wa programu wa Dodoma au Kisumu huichukua kwa sababu ndiyo aliyokutana nayo kwanza.

Hasara yake inaonekana wazi kwenye Virusi vya Ukimwi. Katika orodha ya WHO, ugonjwa huo una mafungu matano, B20 hadi B24, na B20.0 ni mgonjwa wa VVU aliyepata kifua kikuu au maambukizi mengine ya jamii hiyo ya bakteria. Katika orodha ya Marekani umebaki msimbo mmoja tu, B20, usio na matawi. Amri ya is_leaf, inayouliza kama msimbo ni wa mwisho, itasema ndiyo kwa B20 katika maktaba moja na hapana katika nyingine. B20.0 itakubaliwa huku na kukataliwa kule. Mfumo wa madai uliojengwa juu ya maktaba ya Marekani utamrudishia karani dai lililoandikwa sawasawa, naye kwa kutaka dai lipite atafuta sifuri. Dai litapita. Kifua kikuu kitakuwa kimeondoka kwenye kumbukumbu ya mgonjwa, na hakuna ripoti ya mwisho wa mwezi itakayokirudisha.

Kisukari nacho kiko vivyo hivyo. E14, ambao tabibu huuandika pale aina ya kisukari haijajulikana, umo katika orodha ya WHO na haumo katika ile ya Marekani. Kituo kisicho na kipimo cha kutofautisha aina kinauhitaji msimbo huo kila wiki. Kumlazimisha tabibu achague aina asiyoijua ni kumfundisha kuandika uongo, na jarida hili halioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Mwaka wa orodha nao una uzito. ICD-10-CM hurekebishwa kila mwaka. Hadi Septemba 2021 kikohozi kilikuwa R05 tu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo kiligawanywa, na R05 peke yake haikutosha tena kwa dai la Marekani. Katika ICD-10 ya WHO bado inatosha. Orodha hiyo ya WHO hubeba pia maelezo ya yale yasiyohusika, na kwa R05 hueleza kwamba kikohozi chenye damu kiende R04.2. Mfumo ukimwonyesha karani maelezo hayo anapochagua msimbo, makosa yatapungua kuliko kwa semina nyingi. Mifumo mingi huonyesha jina tu.

Katika toleo hili, makala kuhusu malaria inastahili kusomwa na kila anayetengeneza ripoti. Malaria ni B50 hadi B54, lakini anayepanda ngazi moja kutoka B54 anafika kwenye fungu la B50-B64, ambamo zimo pia leishmania na malale. Ngazi za maktaba hufuata ainisho, wala hazifuati swali la mtoa ripoti, hivyo mafungu matano ya malaria lazima yatajwe kwa mkono. Makala kuhusu ICD-11, ainisho lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, inaeleza jinsi ya kuendesha huduma yake ya utafutaji kwenye kompyuta ya hospitali yenyewe. Nyingine inadai majina ya Kiswahili kwenye skrini ya mapokezi. Dai hilo ni la haki.

Katika hayo yote, maktaba inaposema msimbo ni sahihi, imesema tu kwamba msimbo huo umo katika orodha yake. Haijasema kwamba mgonjwa anao ugonjwa huo, wala kwamba orodha hiyo ndiyo inayotumika nchini. Wajenzi wa mifumo wanaombwa kuhifadhi kila msimbo pamoja na jina la orodha na mwaka wa toleo lake, na hospitali zinaombwa zisipokee mfumo usiofanya hivyo.