Umeitwa kusomea jiolojia? Uliza utalala nyanjani siku ngapi

Matokeo ya KUCCPS yametoka. Umejaza nambari yako ya mtihani, simu imezungusha kale kaduara mpaka ukachoka, kisha ikaandika: Shahada ya Sayansi, Jiolojia. Wewe uhandisi ndio ulikuwa umeweka mbele. Hii ya mawe uliiweka ya nne ili tu fomu isibaki na pengo. Mama anauliza hiyo ni kozi ya kufanya nini. Mjomba anamjibu kabla hujafungua mdomo: "Ya kuhesabu kokoto." Nyumba nzima inaangua kicheko. Kufikia saa nne usiku uko kwenye WhatsApp ukiuliza vile watu huhama kozi.

Subiri kwanza.

Sisemi usihame. Kuna watu ambao jua, vumbi na kutembea kilomita kumi na begi la mawe mgongoni si mambo yao, na hakuna aibu hapo. Ninachosema ni kwamba wengi wanaohama hawajui wanachokimbia, na wengi wanaobaki hawajui wanachokingojea. Anayehama amesikia hakuna kazi. Anayebaki amesikia Turkana kuna mafuta na Migori kuna dhahabu, basi anajiona tayari kwenye pikapu ya kampuni, kofia ngumu kichwani. Swali lenyewe hakuna anayeliuliza: katika hiyo miaka minne, nitatolewa darasani siku ngapi nikasimame mbele ya mwamba?

Ukidhani jiolojia ni jiografia ya Kidato cha Nne iliyoongezewa maneno magumu, mwaka wa kwanza utakuamsha. Kuna kemia, fizikia na hesabu za kutosha. Utajifunza kutambua madini kwa rangi, uzito na ugumu, na kutazama kwa hadubini kipande cha mwamba kilichosuguliwa kikawa chembamba mpaka mwanga unapita ndani yake. Utasoma jinsi maji yanavyosafiri chini ya ardhi. Halafu kuna ule ujuzi unaotenganisha mwanajiolojia na mtu aliyesoma tu kuhusu jiolojia: kutembea mahali na nyundo, dira na daftari, kupima mwinamo wa matabaka, na kurudi na ramani inayosema chini ya nyasi hizi kuna nini. Ujuzi huo haufundishwi kwa slaidi. Hata mhadhiri awe malaika.

Na bahati yako ni kwamba umezaliwa pahali ambapo wengine hulipa nauli ya ndege kuja kutazama. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alifika hapa 1893, akapita huko Baringo kwa miguu, na ndiye aliyeeneza jina la "bonde la ufa". Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka 1896. Wewe unapita ukingo wa bonde hilo hilo kila Krismasi ukienda ushago. Matatu inasimama pale juu ya Mai Mahiu, unanunua mahindi choma, unapiga selfi, mnaondoka.

Si Mai Mahiu imetajwa? Basi kumbuka Machi 2018. Mvua kubwa ilinyesha, ardhi karibu na Suswa ikafunguka, ule ufa ukakata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Siku chache baadaye dunia nzima ilikuwa inasambaza picha moja na sentensi moja: Afrika inapasuka vipande viwili. Mimi pia nilitumiwa, na group tatu tofauti. Sasa, ni kweli bonde linapanuka, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua. Wanajiolojia wengi walioangalia kile kisa walieleza kitu kingine: udongo wa pale ni majivu ya volkano, mwepesi, uliojaza nyufa za zamani, na maji ya mvua yakaubeba. Wengine walishikilia kwamba mwendo wa bonde lenyewe una mkono pale. Walibishana, na ubishi wenyewe ulikuwa wa maana, kwa sababu ukijenga barabara, kijiji au reli juu ya ardhi ya aina hiyo unahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Hakuna aliyeweza kulimaliza swali hilo akiwa kwenye kiti Westlands. Lazima mtu ashuke ndani ya ufa.

Kisa cha pili hukisikii sana, labda kwa sababu kilituaibisha. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba Turkana kuna ziwa la maji chini ya ardhi, eneo la Lotikipi, lililogunduliwa kwa picha za setilaiti na rada na kuthibitishwa kwa kuchimba. Kiasi kilichotajwa kilikuwa mita bilioni 200 za ujazo. Tulishangilia. Kaunti ambayo watu na mifugo hufa kwa ukame ilikuwa imekalia maji ya kutosha nchi nzima! Vipimo vilivyofuata vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa binadamu kunywa. Setilaiti iliona maji, na maji kweli yapo. Chumvi haionekani kutoka angani. Anayeigundua ni mtu anayechimba, anayechukua sampuli, anayepima kisima baada ya kisima, na kazi hiyo ndiyo huja kabla ya sherehe.

Lakini tuache Turkana, turudi kwa ploti yako. Nairobi imejaa visima vya kuchimbwa kwa mashine, kwa sababu mfereji wa kaunti hauaminiki. Maji yale hupita katika miamba ya volkano, na miamba hiyo hutoa floraidi. Floraidi kidogo inasaidia meno. Ikizidi, meno ya watoto yanageuka ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa inaharibika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Una rafiki wa Nakuru au Naivasha? Basi hayo meno umeyaona, na pengine umemcheka ukidhani hapigi mswaki.

Kabla kisima hakijachimbwa, Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutaka ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Ripoti ya namna hiyo inaweza kuandikwa na mtu aliyezunguka eneo, akapima, akauliza visima vya jirani vimeonyesha nini. Inaweza pia kuandikwa na mtu aliyenakili ripoti ya ploti ya ng'ambo ya barabara akabadilisha jina. Zote mbili zina muhuri. Tofauti utaiona kwa mdomo wa mtoto wako baada ya miaka minane.

Ni hivyo hivyo na ule udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Athi River, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi mzuri anaujua. Mwenye ploti mwenye haraka hataki kusikia habari zake.

Sasa mambo ya milimani, na hapa sina mzaha. Novemba 2019, usiku wa mvua, maporomoko ya ardhi yaliwaua zaidi ya watu 40 Pokot Magharibi. Chesongoch, Elgeyo Marakwet, yalikuja miaka ya nyuma na yakarudi tena Novemba 2025. Mteremko mara nyingi hutoa dalili kabla haujashuka: nyufa huko juu, miti inayoanza kuinama, chemchemi inayohama au kugeuka matope. Wazee wa pale wanazijua baadhi. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka kwenye ramani, kurudi kila msimu kuangalia zimesonga kiasi gani, na kuwa na cheo cha kumwambia gavana kwamba shule hii ihamishwe kabla ya mvua. Kaunti zetu zina maafisa wa kukufungia gari gurudumu ukichelewa kulipia maegesho dakika tano. Nenda kaunti za kingo za Bonde la Ufa uulize ni wanajiolojia wangapi wameajiriwa kuangalia miteremko pekee.

Ndio maana nasema siku za nyanjani si pambo la kozi. Na ndizo za kwanza kukatwa pesa zikikosekana. Vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni. Basi linataka mafuta, dereva anataka posho, watu arobaini wanataka kula na pahali pa kulala. Kwa hivyo wiki tatu zinakuwa moja, moja inakuwa siku mbili, na siku mbili zinageuka "wanafunzi wajilipie". Anayeweza kulipa anaenda. Asiyeweza ananakili daftari la mwenzake, anafanya mtihani, anapita, na siku ya kufuzu huwezi kuwatofautisha kwenye picha. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 ulipanga wanafunzi kulingana na uwezo wa familia, lakini ukimpa mtoto wa kibarua sehemu kubwa ya karo halafu umwache nje ya safari ya nyanjani, umemnunulia kozi nusu.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ikiwa imenishinda. Nilikuwa kwenye mambo ya kompyuta. Mengi ya yale niliyokuwa nifundishwe nimeyapata baadaye kwa simu, bando la shilingi hamsini na usiku mrefu, na leo yananilisha. Ungeniondoa kwenye jiolojia ningekuwa nimeondoka kabisa. Hakuna video itakayokupa uzito wa jiwe mkononi, wala kukufanya ukosee mwinamo wa tabaka mara ishirini huku mhadhiri akikusahihisha papo hapo.

Tuje kwa kazi, maana najua umekuwa ukingoja. Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi hii. Visima vya kule vinashuka kilomita mbili, tatu. Hakuna anayevitoboa bila mtu wa kusoma vipande vya miamba vinavyotoka shimoni. Menengai nako kuna kazi, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina taasisi nzima ya jotoardhi. Hiyo ndiyo sura nzuri. Sura nyingine ni kwamba nafasi za kudumu ni chache na foleni ni ndefu. Mafuta ya Turkana yalitangazwa 2012, shehena ya majaribio ikasafirishwa 2019, na aliyeingia chuo kwa sababu ya tangazo lile alimaliza zamani akijua kungoja ni nini. Mgodi wa titani wa Kwale ulianza kuuza nje 2014 na ukasimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Mgodi huisha, ndivyo ulivyo. Kazi nyingi za kweli ziko kwenye visima vya maji, timbo, barabara na upimaji wa udongo, mara nyingi kwa kandarasi ya miezi michache. Hapo mwajiri haulizi ulipata alama gani. Anakuuliza kama unaweza kwenda Garissa kesho na kurudi na jibu.

Wewe dada, utaambiwa hii ni kozi ya wanaume. Swali lako la nyanjani ongeza lingine: wasichana walilala wapi, na nani alikuwa analinda usalama wao? Idara isiyo na jibu haijajiandaa kukupokea, na tatizo hilo ni lao.

Wakubwa nao wasikie. Kwanza, gharama ya nyanjani iandikwe ndani ya karo tangu siku ya kwanza, ili mkopo na ufadhili viifikie, badala ya kumtokea mwanafunzi mwaka wa pili kama faini. Pili, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi penye madini. Kaunti inayopokea hiyo 20 haitashindwa kuweka hema, chakula na basi kwa darasa moja kwa mwaka, nalo darasa liiachie kaunti ramani ya miteremko yake. Wanafunzi wapate mazoezi, gavana apate ramani.

Wewe, kabla hujabonyeza kitufe cha kuhama, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo katika chuo ulichoitwa, iwe ni pale Chiromo au kwingine. Usimuulize kama kozi ni ngumu, atakudanganya tu. Muulize walienda wapi, siku ngapi, nani alilipa, na mhadhiri alitembea nao au alikaa kwenye gari. Akikwambia walienda siku moja, wakapiga picha ya pamoja, wakarudi jioni, rudi kwa KUCCPS na usione haya. Akikwambia alilala kwenye hema huko Magadi wiki mbili, akarudi na malengelenge na daftari lililojaa vumbi, na bado anakuchosha na hadithi za lile jiwe alilobeba mpaka nyumbani, thibitisha nafasi yako na uanze kutafuta viatu.