Anayempima muuaji apewe muda

Nchini Kenya, mshukiwa wa mauaji hupimwa akili kabla ya kusomewa shtaka. Januari 2024, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wa kesi ya vifo vya waumini huko Shakahola nao walipitia hatua hiyo. Swali la mahakama hapo ni jembamba: je, huyu anaweza kufuata kesi yake? Laweza kujibiwa kwa ukurasa mmoja.

Swali zito ni jingine. Akiachiliwa, atarudia? Hapo ndipo anapohitajika mwanasaikolojia wa masuala ya jinai. Chombo chake kimoja, orodha maarufu ya mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada, kina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Kwa kawaida, anayefikisha 30 kati ya 40 huhesabiwa saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Lakini alama hizo hazitolewi kwa mazungumzo peke yake, maana mhojiwa mjanja hujua kulia panapotakiwa kulia. Lazima mpimaji asome jalada zima na rekodi za magereza, alinganishe na anachoambiwa. Na kazi yenyewe, tuseme ukweli, inachosha roho: unasimuliwa mtu alivyouawa, nawe hutakiwi hata kukunja uso.

Serikali iwaajiri wataalamu hawa magerezani, iwape muda wa kutosha, na kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha isiamue kabla ya kuwasikia.