Mali Ikiuzwa Hairudishwi: Nani Kasema?



Mwenzetu mmoja wa reli pale Kiganjo alinunua pampu ya mgongoni katika duka moja la hapa Gakindu, Shs. 3,500, ili mkewe apige kahawa dawa kabla mvua haijaleta ugonjwa wa matunda. Siku ya kwanza tu ikavuja, dawa ikamchuruzika mama yule mgongoni. Kesho yake mwenzetu akairudisha. Mwenye duka hakuitazama hata kidogo, alionyesha kwa kidole maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti: "Mali ikiuzwa hairudishwi."

Mwenzetu akaenda zake kimya, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi. Akikatwa shilingi mia katika mshahara huja ofisini kwetu na makelele. Mshahara ule ule ukipotelea dukani husema ni bahati mbaya.

Si bahati mbaya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyopo Kenya tangu mwaka 1931, yataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayoletwa na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 yasema kwamba maneno yoyote ya kuiondoa haki hiyo ni batili. Basi yale ya kwenye risiti ni wino tu.

Lakini tuseme kweli. Aliyechoshwa na rangi ya koti lake hana neno hapa, wala aliyeuona ufa akanunua hivyo hivyo. Na aliyekaa na kitu kibovu muda mrefu bila kusema, sheria yahesabu amekipokea. Atabaki na kudai fidia tu. Rudisha upesi, na risiti usiwashie jiko.

Twajua mwenye duka naye aliipata pampu kwa tajiri wa jumla. Na amdai huyo, asimwachie hasara mama wa kahawa.

Katibu wa tawi amekwisha kumwandikia barua, siku saba. Akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016: madai yasiyozidi Shs. 1,000,000, si lazima wakili, na hukumu yatakiwa itoke katika siku 60. Pampu tumeiweka ofisini. Mwenye kitu cha namna hiyo akilete Jumamosi, na risiti yake.