Divai Kali na Ukweli wa Ulimi

Wamisionari wa Afrika wa kwanza walitoka Bagamoyo Juni 1878, wakatembea takribani miezi mitatu hadi Tabora. Katika njia ile, divai ya Misa kutoka pwani ilifika kichwani au begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mzigo mmoja ukiwa karibu kilo 30. Sidhani kama waliobeba walionja.

Siku hizi chupa huja ndani ya begi la mgeni. Hivi karibuni padre aliyetoka masomoni Ufaransa alitumiminia sisi mafrateri divai nyekundu ya Bordeaux, kidogo kidogo. Rangi yake ilikuwa ya zambarau zilizoiva sana. Nilipoinywa ulimi ulikauka na fizi zikakaza, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Utamu niliousubiri haukuja. Padre alitueleza kwamba ukakasi ule hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mapipa ya mwaloni huongeza wake. Tulipokula nyama ya mbuzi, kweli, ukali ulipungua, nikaanza kusikia ladha ya matunda.

Lakini kila aliyeulizwa alisema, "Nzuri sana, Padre," huku uso umemkunjamana! Mimi nilisema ina ukakasi kama bibo. Padre akacheka, akasema hata Wafaransa wanaisifia kwa ukakasi huohuo.

Darasani Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba maarifa yetu huanzia kwenye hisi. Anayekana alichoonja ili aonekane msomi anaianza falsafa yake kwa uongo. Kwa mchungaji jambo hili ni zito zaidi: leo anasifia asichokipenda kwa sababu kimetoka Ulaya, kesho anamdharau mzee wa kigango mwenye wanzuki wake wa asali.

Wapo pia wanaodhani divai ya Ufaransa huipa Misa heshima zaidi. Kanuni ya 924 inataka divai ya asili, itokanayo na zabibu, isiyoharibika; haitaji nchi. Zabibu zinalimwa Dodoma, kwenye reli hiihii inayopita kwetu. Ningependa siku moja chupa ya Dodoma iwekwe mezani kando ya Bordeaux, wazee wa parokia waonje kwanza, nasi mafrateri tusikilize watakavyosema.