Lumbesa Ndani ya Skana

Pampu ya petroli ikipunja, Wakala wa Vipimo wanaifungia. Muuza nyama ambaye mizani yake inaiba gramu hamsini anatafutwa mpaka buchani kwake. Wakulima wa viazi na vitunguu wameimbiwa miaka nenda rudi kwamba lumbesa, gunia lililorundikwa kupita kipimo, ni wizi. Sasa niambieni, waheshimiwa: mashine inayompima mgonjwa wa saratani, ikatoa namba ambayo kwayo daktari ataamua dawa iendelee au ibadilishwe, nani kaihakiki? Lini? Kwa kutumia nini?

Jibu nalijua: mashine ina leseni. Leseni ya mionzi ni jambo jema, lakini kazi yake ya kwanza ni kumlinda mtu na miale: kuta ziwe nene vya kutosha, mfanyakazi asiungue, mjamzito asipite. Mashine inaweza kuwa salama kabisa na bado ikasema uongo kutwa.

Nazungumzia PET, kwa kuwa ndiyo tunayoikatia utepe siku hizi. Mgonjwa anachomwa sindano ya sukari iliyotiwa florini-18 yenye mionzi, anapumzishwa kama saa moja, halafu analazwa ndani ya skana. Saratani nyingi zina ulafi wa sukari, kwa hiyo zinawaka pichani. Ila picha kuwaka si kipimo. Kipimo ni namba iitwayo SUV, ambayo hulinganisha mionzi iliyokutwa kwenye uvimbe na dozi aliyochomwa mgonjwa kwa kila kilo ya mwili wake. Namba hiyo moja inazaliwa na vyombo vinne: skana yenyewe, chombo cha kupimia dozi kwenye sindano, mzani anaosimama mgonjwa, na saa. Naam, saa hizi hizi za ukutani. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Saa ya skana ikiwa mbele ya saa ya chumba cha dawa kwa dakika 15, SUV inapanda kwa karibu asilimia 10, na uvimbe wala haujatikisika.

Mzani ndio unaonitia uchungu zaidi. Chukua mgonjwa aliyeanza matibabu akiwa na kilo 70, uvimbe wake ukasoma 8. Baada ya miezi kadhaa ya dawa kali amekonda, ana kilo 60. Dawa inafanya kazi, na uvimbe kwa haki ungesoma 5.4, yaani umeshuka kwa zaidi ya asilimia 30, mpaka ambao vigezo vya PERCIST vya mwaka 2009 vinauhesabu kuwa ni mwitikio. Lakini pale mapokezi mtu kaona uvivu kumpandisha mzani, akanakili kilo 70 kutoka faili la zamani. Skana inatoa 6.3. Sasa kushuka ni asilimia 21 tu. Ripoti inaandikwa kwamba ugonjwa haujaitikia. Dawa inayomponya inaachwa, anaanzishiwa nyingine, ghali zaidi na yenye makali mapya, kwa sababu ya mzani wa elfu hamsini ambao hakuna aliyeukanyaga.

Halafu kuna hawa wagonjwa wetu wanaopimwa mara ya kwanza India, wakarudi kupimwa mara ya pili Nairobi. Ndugu wamechangishana, wameuza kiwanja, wanazishika ripoti mbili wakiuliza: imepungua? Kama skana hizo mbili hazijawahi kusawazishwa kwa kipimo kimoja, daktari mwaminifu hana jibu la kuwapa. Kutoa 5 katika 8 ni hesabu ya mtoto wa shule. Kujua kama 8 ya huku ni sawa na 8 ya kule, hiyo ndiyo kazi.

Na kazi hiyo inajulikana. Wazungu waliianzishia mpango wao, EARL, tangu 2010: kila kituo kinajaza fantomu, yaani chombo cha plastiki chenye maji na kiasi cha florini kinachojulikana, kinakipiga picha, kinapeleka matokeo yakaguliwe. Skana inatakiwa isome kile kilichomo, isikosee kwa zaidi ya asilimia 10. Fantomu nyingine ina tufe sita, ndogo kabisa ikiwa na milimita 10, kwa sababu skana huwa inazipunja tufe ndogo, na hivyo hivyo huvipunja vivimbe vidogo. Ni chombo cha plastiki na maji! Tunashindwaje?

Tunashindwa kwa sababu mtu wa kukijaza hatujamwajiri. Mwanafizikia tiba kwetu ni gharama, nafasi ya kujazwa bajeti ikiruhusu. Basi mkumbuke Allan Cormack. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilimhitaji kwa siku moja na nusu kwa wiki, kwa kuwa sheria ilitaka matumizi ya dawa za mionzi yasimamiwe na mwanafizikia. Katika kukaa pale ndipo alipoanza kuwaza hesabu zilizokuja kuwa msingi wa CT, na mwaka 1979 akagawana Nobel na Hounsfield, mhandisi aliyeiunda mashine yenyewe. Mwanafizikia wa muda, aliyewekwa kutimiza sheria! Sisi tunanunua matunda ya akili yake kwa mabilioni, halafu tunamwona mrithi wake ni mzigo.

Kabla ya utepe mwingine kukatwa, mwanafizikia awe kwenye orodha ya mishahara na fantomu iwe kwenye mkataba wa ununuzi, si kwenye ahadi. Na kila ripoti ya PET iandikwe uzito uliopimwa siku hiyo, saa ya sindano, saa ya picha, na tarehe skana ilipohakikiwa mara ya mwisho. Ripoti isiyo na mistari hiyo, daktari airudishe ilikotoka, na mgonjwa arudishiwe pesa zake.