Nani Amelipia Utafiti Huo?

Kila mkutano wa kimataifa wa tabianchi au biashara unapokaribia, ofisi zetu za umma hupokea ripoti za taasisi za utafiti wa sera kutoka Washington, London na Brussels. Ripoti hizo hunukuliwa bungeni, hufundishwa vyuoni, na hatimaye huingia katika sera. Ni wachache wanaouliza: nani amelipia?

Swali hili si uchokozi. Septemba 2014, gazeti la New York Times lilifichua mkataba wa dola milioni 5 ambao kwao Norway iliitaka taasisi ya Center for Global Development iwashawishi viongozi wa Marekani waongeze maradufu fedha za programu moja ya misaada ya nje. Taasisi ya Brookings nayo ilikuwa imeahidiwa dola milioni 14.8 na Qatar. Taasisi hizo zilikana kwamba fedha zilinunua maoni yao.

Tuseme zilisema kweli. Mfadhili hahitaji kununua jibu; humtosha kuchagua swali. Mwaka 2008, Norway hiyohiyo iliahidi krone milioni 500 kwa ajili ya misitu na tabianchi nchini Tanzania. Uhifadhi ni jambo jema, nami siupingi. Lakini atakayelipia utafiti atauliza misitu yetu inaweza kuhifadhi kaboni kiasi gani. Je, nani atamlipa mtafiti aulize mwanakijiji anayezuiwa kukata mti atapikia nini, au mataifa yenye viwanda yatapunguza lini moshi wao?

Tunazo taasisi zetu: REPOA na ESRF nchini Tanzania, KIPPRA nchini Kenya. Wataalamu wapo. Ila serikali za Afrika zilizokubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, nyingi hazijatimiza ahadi hiyo. Mkono mtupu haulambwi. Mtafiti asiyelipwa nyumbani atajibu maswali ya ugenini.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma asipokee ripoti isiyotaja wafadhili wake. Mwanafunzi asiinukuu kabla ya kuwajua. Na wanaharakati waidai bajeti ya utafiti kwa nguvu ileile wanayodai maji na dawa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama anachokitegemea ni fikra.